Kituo cha Mwisho ni Jikoni

Jumapili, 4 Machi

Wifi yangu,

Kabla hujasoma mstari wa pili, weka pasi chini. Sitaki kusikia umeunguza shati la nahodha kwa sababu yangu. Umeiweka? Haya. Meli yenu inakuja hapa!

Sioti, wala kaka yako hajanitania. Jana wakala wa meli aliniita ofisini kwake, kile chumba cha ghorofani chenye feni inayopiga chafya, akanionyesha ratiba mpya. Nikasoma jina la meli mara mbili, nikamwomba na yeye anisomee. Jumatano tarehe ishirini na nane mwezi huu mnaingia saa moja asubuhi na kuondoka saa kumi na moja jioni, na baada ya hapo kila wiki ya pili. Wakala aliponiuliza kwa nini napiga makofi, nilimwambia nimepata kazi. Na hilo nalo ni kweli.

Kwa maana ofisi yenu ya matembezi imechagua ziara mbili za majaribio katika bandari hii. Moja ni ya basi, kwenda ufukweni na kurudi. Ya pili ni yangu! Wageni kumi na wawili, mguu kwa mguu, tunautazama mji na kuonja vya mji: mkate, asali, kahawa, na mwisho kabisa achari na jemu, jikoni kwa mama yako. Wahenga walisema aonjaye asali huchonga mzinga. Mimi nataka meli ionje, halafu inichongee msimu mzima.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo moyo unaponienda mbio. Wakala anasema kila kundi hutoka na mfanyakazi mmoja wa meli wa kulisindikiza. Je, mfanyakazi huyo akiwa wewe?

Sitakudanganya kuhusu mama. Miaka minne nimeolewa nyumba hii, na mtu akiuliza habari zako anajibu yale yale, “Sina mtoto baharini,” kisha anaendelea kukata ndimu. Barua zako tunasoma mimi na kaka yako tu. Lakini mlango wa jikoni kwake uko wazi kwa wageni kumi na wawili, na sioni kwa nini usiingie mtu wa kumi na tatu.

Mimi na wewe tumeandikiana miaka minne na hatujawahi kuonana uso kwa uso. Usiponijibu upesi nitakuja kukuvua hiyo aproni kwa mikono yangu.

Wifi yako


Jumapili, 11 Machi, melini

Wifi,

Pasi niliiweka chini, ila sikuizima. Kitambaa cha meza kimoja kimepata alama ya pembetatu, na kosa ni lako.

Nimesoma barua yako nimesimama kati ya mashine mbili za kukaushia, nikaruka, nikagonga kichwa kwenye bomba. Wenzangu wakadhani nimefiwa. Nilipowaambia ni furaha walirudi kwenye mashuka yao wakitikisa vichwa.

Lazima uelewe sisi wa chumba cha dobi tunaishi wapi. Tuko chini ya usawa wa maji, hakuna dirisha. Nimefika bandari ishirini na tatu, na karibu zote nimezijua kwa madoa. Wageni wanashuka asubuhi safi, jioni nguo zao zinaletwa kwangu, nami nasoma walichokula: hapa mafuta ya samaki, hapa mvinyo mwekundu, hapa kitu cha manjano ambacho hakitoki hata kwa ndimu. Miaka mitano nimeonja dunia kwenye kola za mashati ya watu. Ndiyo sababu wananiita Pasi, kwa kuwa hawajawahi kuniona bila hiyo. Na sasa unaniambia nitashuka na kula mimi mwenyewe, tena kwetu! Jana nilikunja mashuka mia mbili na kumi nikiimba.

Nimeshaenda kwa Bwana wa Matembezi. Nilimwambia mji ule naujua. Hakuniuliza naujuaje. Akasema atafikiri, na nijifunze kuhesabu watu, maana msindikizaji akirudi na pungufu atatafuta kazi nyingine.

Lakini wifi, nina hofu, na wewe ndiye wa kuambiwa. Mama alinifundisha miaka minane. Alitaka nirithi sufuria zile. Nikaondoka alfajiri, nikamwachia kikaratasi chini ya kopo la chumvi, kwa sababu ningemuaga nisingeondoka. Najua nilimvunja. Sitaki anisamehe siku hiyo hiyo, sina uso wa kuomba hivyo. Nataka anitazame na aseme neno moja. Hata likiwa tusi nitalipokea kwa mikono miwili.

Nikwambie na hili. Mezani kwangu kuna karatasi ya mkataba mpya, miaka mitatu, kwenye meli nyingine ya kampuni hii inayozunguka upande wa pili wa dunia. Jibu linatakiwa tarehe kumi Aprili. Mama akinipokea, nitabaki meli hii na kila wiki ya pili nitakuwa nyumbani. Akinikataa, nasaini, na sitamsumbua tena.

Kaka yangu mwambie aache kukonda, picha mliyotuma inatisha.

Pasi


Jumamosi, 17 Machi

Wifi yangu Pasi,

Kaka yako hakukonda, alivuta tumbo ndani kwa ajili ya picha. Leo nimemwona tumbo zima, maana tumefanya mazoezi ya ziara na yeye alikuwa mgeni wangu wa kwanza.

Ungekuwepo ungevunjika mbavu. Yule fundi majokofu mzima alivaa kaptula ambayo hajaivaa tangu shule, akajitundika chupa ya chai shingoni eti ndiyo kamera. Kila kituo anauliza, “Na hii inaliwa mbichi?” Tukifika kwenye mnara wa taa anauliza, “Na huu?” Nilimchukua pia jirani yetu fundi cherehani. Huyo nilimwambia aonje, akashiba. Kwenye tanuri la mikate alimaliza trei nzima, mwanamke wa tanuri akaniita pembeni kuniuliza kama wageni wa meli nao wameachwa na njaa.

Njia yenyewe ni hii. Saa tatu tunaanza langoni bandarini. Tunapanda mnara wa taa wa zamani, ngazi tisini na nne, wageni wauone mji wote na nyinyi mkielea pale chini. Kisha tanuri, mkate unatoka saa nne kasoro robo na hauwezi kungoja mtu. Kisha soko la paa la mabati, kwa muuza asali. Huyu ndiye kichwa kinachoniuma. Asali yake haina mfano, lakini akianza habari za nyuki hamalizi. Leo alituweka dakika arobaini, tukafika kwa malkia wa nyuki tu. Nimekubaliana naye dakika kumi, na nikikohoa mara mbili anyamaze. Kisha mkaanga kahawa, ambaye hasemi chochote, Mungu amjalie. Kisha tunapanda ngazi za nyuma hadi kwa mama.

Mama amekubali! Nilipomwomba aliendelea kuchuja jemu ya mapera mpaka nikadhani hakusikia. Mwisho akasema, “Nusu saa. Na asiguse mtu sufuria zangu.” Tangu siku hiyo anasugua jiko kila jioni kama anaozesha. Visahani vya kuonjea, vile vyeupe vyenye mstari wa buluu, amevitoa vyote kabatini kavipanga upya.

Habari zako sijamwambia. Mara mbili nilifungua kinywa nikakifunga. Mama ukimpa siku kumi za kufikiri atapata sababu kumi za kukataa. Acha akuone kwa macho, wala usiingie na hotuba. Usinitangaze pia kama wifi yako mbele ya wageni, wasije wakasema ziara imepewa alama kindugu.

Lo, wifi, silali! Sokoni wameshaanza kuniita Mama Kuonja, na sijamwonjesha bado hata mgeni mmoja wa kweli.

Wifi yako, Mama Kuonja


Jumapili, 25 Machi, melini

Wifi,

Nimepewa! Bwana wa Matembezi amenikabidhi kibao namba saba, chenye mpini mrefu, nikitembea nacho juu nionekane na kila mgeni. Wenzangu wa dobi wamekipiga picha. Sheria ni tatu: nihesabu wageni kila kituo, nisionje kabla wao hawajaonja, na jioni nijaze fomu ya kuipa ziara alama.

Nimekata kucha, nimefua sare mara mbili, nimeazima kofia pana ya mhudumu wa baa ili mama asinione kabla sijawa tayari. Nimejaribu maneno ya kumwambia nikiwa napiga pasi. Yote yanaisha kwa “shikamoo”, basi. Labda hilo litatosha.

Siku tatu! Usijibu, barua haitanikuta. Tuonane langoni.

Pasi


Jumatano, 28 Machi, melini, jioni

Wifi,

Meli imeondoka sasa hivi na mimi nimekaa juu ya kikapu cha mataulo. Nitakuandikia yote kwa mpangilio, mazuri kwanza, kwa sababu ni mengi na wewe ndiye uliyeyafanya.

Nilikutambua kabla hujainua mkono. Nilidhani wewe ni mrefu, kumbe maneno tu ndiyo marefu! Uliponishika mkono kama mtu wa ofisi huku unanifinya kiganja, nilikaribia kupiga kelele mbele ya wageni wote.

Juu ya mnara wa taa nilihesabu kumi na wawili kwa shida, macho yananikimbilia kwenye mapaa. Niliona paa la shule yetu. Niliona kamba za nguo za majirani, na nikajikuta nakagua kama wamezianika vizuri. Na ule mkate, wifi! Mpaka leo nilikuwa naujua mkate kwa makombo mifukoni mwa watu. Yule mzee aliyekuwa dereva wa treni alikula kipande chake akafumba macho, mkewe akamuuliza kama ni mzima. Kwenye asali ulikohoa mara mbili, muuza asali akakupa maji. Ulikohoa tena, akakupa asali ya kikohozi bure. Nilicheka mpaka kibao kikamwangukia yule mgeni mwalimu. Kahawa nilipewa mwisho, chini ya birika, yenye machicha, na sijawahi kunywa kitu kitamu kama kile. Nimejimwagia sareni kwa makusudi kidogo. Doa hili la kwangu silifui.

Basi tukapanda ngazi za nyuma.

Nilikuwa wa mwisho kuingia. Harufu ya ndimu na sukari ilinipiga, miguu ikataka kukimbilia sinki kama zamani. Mama amezeeka, hamkuniambia. Nywele zote nyeupe. Alipita na trei, kila mgeni akampa kisahani kwa mkono wake, akamwangalia akionja. Nikavua kofia. Nikasema, “Shikamoo, Mama.”

Akanitazama. Nilichoomba cha kwanza nilikipata, alinitazama. Kisha akanipita, wifi. Akampa kisahani mtu aliyesimama kando yangu. Wageni wote kumi na wawili wakapewa, mimi nimesimama mlangoni na kibao changu mithili ya mlinzi. Wageni walipomaliza alikusanya visahani vyote akavirundika mikononi mwangu, akaelekeza sinki kwa kidevu. Neno, hakuna.

Nikaosha. Ningefanya nini? Niliosha nikiwa nimewapa watu mgongo, wewe ukieleza habari za mapera, yule mzee wa treni akauliza kama mimi nimeajiriwa pale.  Nikafuta mikono, nikahesabu wageni, tukaondoka. Hata chumvi ya nyumba ile sikuonja.

Fomu nimejaza. Umepata alama za juu kila mahali, na ni haki yako. Kulikuwa na swali, “Je, wenyeji waliwapokea wageni vizuri?” Nikaandika ndiyo, maana wageni walipokewa. Mimi nilipewa kazi ya kijakazi mbele yao. Bwana wa Matembezi ameshasema msimu wote ni wako. Hongera, wifi, nimefurahi kwa ajili yako kwa moyo wote.

Lakini safari ijayo watafute msindikizaji mwingine.

Pasi


Jumatano, 28 Machi, jioni

Wifi, wifi, wifi!

Sijui nianzie wapi. Nimetoka kukupungia mkono gatini na bado naruka. Kaka yako ameniambia nikae chini, nimekaa, sasa mguu ndio unaoruka.

Tumefaulu! Dereva wa treni alirudi peke yake saa tisa kununua chupa tatu za achari. Mwalimu uliyempiga kibao ameniachia barua ya sifa. Mwanamke wa tanuri anataka kupaka rangi mlango.

Lakini hayo si kitu. Mama! Ulimwona mama? Nilijikuta naeleza mapera ambayo nimeshayaeleza, wageni wakasikia mara mbili yanavyomenywa. Alipokupita na trei roho yangu ikasema, ah, hilo la kwanza. Alipokurundikia visahani nilitaka kupiga vigelegele pale pale, nikang'ata ulimi.

Unajua mimi nilipoingia nyumba hii kama mke, nilikaa miezi mingapi nikila kwenye kisahani cha mstari wa buluu? Kumi na minne! Mama alinipa kwa mkono wake, kwa adabu zote, na nikinyanyuka kuosha kijiko ananirudisha kitini. “Kaa, mgeni.” Nilikuwa nalia chumbani, kaka yako shahidi. Siku aliponipa sufuria iliyoungua na kuniambia nisugue, nilitoka mbio hadi karakana ya majokofu kumwambia mume wangu kwamba sasa nimeolewa kweli. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe lilikawia mwaka na ushee, wewe umepewa siku ya kwanza, dakika ya tano, hata shikamoo haijapoa!

 Mlipoondoka alijifungia jikoni mpaka jua likazama. Nadhani ni furaha imemzidi, ndivyo alivyo.

Najua unacheka saa hii kwenye kitanda chako chembamba. Niandikie, niandikie upesi. Tarehe kumi na moja mnarudi!

Wifi yako mwenye msimu mzima, Mama Kuonja


Jumanne, 3 Aprili, melini

Wifi,

Barua zetu zimepishana, kwa hiyo sasa umeshasoma yangu na umeshajua kwamba sikucheka.

Yako nimeisoma mara tatu. Ni kweli mimi sijawahi kuwa mgeni jikoni mle, kwa hiyo sijui wageni hutendewaje. Labda ni hivyo unavyosema. Lakini wewe, wifi, ni mtembezaji wa wageni. Kazi yako ni kuonyesha mji upande wake mzuri, na kazi hiyo unaijua vizuri mno. Muuza asali akikukohoza unasema ni dawa.

Mimi nimesimama mita mbili kutoka kwa mama yangu baada ya miaka mitano na sikusikia sauti yake. Hukuwa wewe uliyegeuza uso sinkini. Kama ana neno, kinywa anacho na mkono anao.

Karatasi ya mkataba iko hapa mbele yangu. Nimeshajaza jina na tarehe ya kuzaliwa. Imebaki sahihi.

Pasi


Ijumaa, 6 Aprili

Wewe,

Sipendi kuandika. Mke wa kaka yako alitaka kuniandikia, nikamkatalia, maana angeongeza sukari. Wakala anasema barua hii itakukuta tarehe tisa, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja.

Jana alinisomea zako mbili. Alisoma amesimama mbali, karibu na mlango, akidhani nitarusha kitu. Akanieleza na alichokuandikia yeye, eti nilikupa jembe. Yule mtoto ana maneno mengi na mengi ni mazuri, nyumba hii ilikuwa kimya kabla yake. Lakini hilo hakulipata. Sikuwa na methali kichwani siku ile.

Nilikuona mnapanda ngazi. Kofia ile haikukuficha, unatembea kama marehemu baba yako, bega moja limetangulia. Nikasema nikimpa kisahani mkono utatetemeka, watu wa mbali wataniona. Ndiyo maana nikakupita. Uliponiamkia, jibu lilikuwepo. Marahaba si neno gumu. Lakini nilijua nikifungua kinywa nitalia, na sijalia mbele ya watu tangu tumzike baba yako. Nikanyamaza. Hilo ni kosa langu, si lako.

Ulivyoondoka ulikosea, na ninaujua ukweli kwamba ungeniaga ningekuzuia. Ningekaa mlangoni. Kwa hiyo sote wawili tuna la kujibu, na tutajibizana ana kwa ana, si kwenye karatasi. Mkataba sikupangii. Una miaka thelathini na moja.

Nikwambie habari ya vile visahani, maana ndivyo vilivyokuuma. Nilitazama saa ya ukutani nikaona zimebaki dakika kumi na tano, na wewe umesimama pale mlangoni kama mtu aliyeshaaga. Sikujua nitakuwekaje ndani. Wageni walikuwa kumi na wawili. Visahani nilivyokupa vilikuwa ishirini na saba. Vingine nilivichukua kabatini, visafi, nikavipaka jemu kwa kidole wakati mke wa kaka yako anawasimulia watu mapera, nikavichanganya na vile vichafu. Wewe unayelipwa kuhesabu hukuvihesabu, ulikuwa umeinama. Nilisimama nyuma yako muda wote ukiosha. Ningekuwa na visahani mia ningekupa mia.

Jumatano mlango wa jikoni utakuwa wazi kuanzia saa moja asubuhi.

Mama yako